Mapigo ya Moyo Kati ya Ghorofa ya Nne na ya Tano

Kwa Mhadhiri wa Saikolojia,
aliyetoa semina kwa wafanyakazi wa jengo letu.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUVUNJWA KWA UCHUMBA WANGU KWA NJIA YA ELIMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima, unalala vizuri, na hakuna mtu aliyeingia kazini kwenu na ubao wake akakubomolea nyumba kabla hujaijenga. Mimi si mzima sana.

Kwa kuwa hunijui, nijitambulishe. Mimi ndiye fundi wa lifti wa jengo lile ulilokuja kufundishia. Pengine uliniona nimesimama mlangoni na ovaroli yangu yenye grisi, nikizuiwa kuingia kwa sababu semina ilikuwa ya watu wa ofisini. Jengo zima huniita Panda-Shuka, na sina kinyongo na jina hilo. Mchumba wangu ni msaidizi wa daktari wa meno, ghorofa ya sita. Yeye aliruhusiwa kuingia, akakaa safu ya mbele, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Tulivyopendana ni hivi. Siku moja lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, naye yuko ndani peke yake, taa imezimika. Nilipofungua mlango na kumvuta nje alikuwa anatetemeka, kijasho chembamba kinamtoka, na moyo unamdunda hadi mimi niliyemshika mkono nikausikia. Akanitazama. Mkono wangu hakuuachia mpaka tulipofika mwisho wa korido. Tangu hapo akawa ananiletea chai, nami nikawa nakagua lifti ya ghorofa ya sita hata pale ambapo haina tatizo lolote. Kadi za harusi zimeshachapishwa.

Ndipo ukaja wewe. Ukafundisha kwamba mwili hutangulia: moyo hudunda kwanza, kisha akili hutazama huku na huku kutafuta sababu, na ikikosea humsingizia yeyote aliye karibu. Ukatoa mfano wa wanaume waliovuka daraja linaloning'inia, wakafika ng'ambo wakidhani wamempenda dada aliyekuwa akiwauliza maswali, kumbe miguu ilikuwa inawatetemeka kwa hofu ya kuanguka. Naambiwa ukumbi mzima ulicheka. Mchumba wangu hakucheka. Jioni ile aliniambia, kwa sauti ileile anayotumia kuwaambia wagonjwa wafungue mdomo, kwamba mapigo yale yalikuwa ya lifti, mimi nilikuwa karibu tu, na harusi isimame kwanza hadi atakapojua anahisi nini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kama hofu ya lifti huzaa mapenzi, basi mimi ningependwa na jengo zima. Mhasibu wa ghorofa ya tatu nimemtoa humo mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Ni mtu mzima, ana kitambi, na akikwama moyo humwenda mbio kuliko ulivyomwenda mchumba wangu. Hajawahi kuniletea chai. Hunitukana, tena matusi ya kutafuta. Naomba ueleze, kwenye ubao wako huohuo, akili ya mhasibu huwa inatazama wapi wakati huo.

2. Mchumba wangu hana tena hisia, ana taarifa. Zamani nikichelewa alikuwa ananuna vizuri kabisa, mdomo umemtoka, nami nabembeleza, naomba radhi, yanaisha. Siku hizi ananiarifu kwamba tumbo lake limekaza, ila bado hajaamua kama aiite hasira au njaa. Mheshimiwa, mtu analiombaje radhi tumbo?

3. Somo lako limehamia kwa shangazi yake, aliyemlea na ndiye msemaji wa familia. Ameelezwa kwamba sisi binadamu hatulii kwa sababu tuna huzuni, bali tuna huzuni kwa sababu tunalia; tena kwamba ukilazimisha tabasamu, furaha itakuja yenyewe. Basi mama wa watu hataki tena kulia msibani, asije akajitia huzuni bure. Nilipokwenda kumwomba aniombee kwa binti yake nilimkuta sebuleni ameng'ata kalamu kwa meno ili mdomo utanuke kama wa anayetabasamu, anatafuta furaha. Nilimwaga machungu yangu yote mbele ya mtu anayenichekea na kalamu mdomoni. Nilijikaza kisabuni, nikaaga, nikatoka.

4. Daktari wa meno naye huwaambia wagonjwa kwamba wanachohisi kwenye kile kiti si hofu, ni mwili tu unajiweka tayari. Mmoja ambaye mwili wake ulikuwa tayari kuliko wa wenzake alimng'ata kidole.

5. Hili ndilo linaloniuma. Siku ile mimi sikukwama. Nilikuwa nje, nimetulia, nina spana mkononi, kazi ya kila siku. Moyo wangu haukuwa na sababu yoyote ya kudunda, na ulikaa kimya mpaka mlango ulipofunguka nikamwona. Mimi nampenda, Daktari. Katika ubao wako wote hukuniachia hata kona moja ya kuliandika hilo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, tena kwa unyenyekevu.

Kwanza, uje upande lifti yangu. Nitaisimamisha palepale, kwa usalama kamili, nikuache gizani kwa kiasi, kisha nije nikutoe. Ukinipenda, nitakiri hadharani kwamba elimu yako ni ya kweli, halafu mimi na mumeo tutakaa tujadiliane kiutu uzima. Usiponipenda, utamwandikia mchumba wangu barua yenye muhuri kumjulisha hivyo.

Pili, ukikataa hilo la kwanza, basi sheria iwe moja kwa wote. Waliopendana wakishangilia mpira, waliopendana siku ya mtihani, waliopendana wakikimbizwa na mbwa, wote waitwe, wapimwe upya, na watakaoonekana walisingiziana wafunge virago. Wakianza wazazi wangu, waliokutana kwenye nyumba inayowaka moto, sitalalamika. Ninachokataa ni kuachwa peke yangu.

Msimamo wangu haubadiliki: moyo ukidunda mbele ya mtu, unamdundia mtu huyo, na hakuna haja ya kutafuta kilichoutikisa. Mtu mwenye akili timamu akiambiwa anapendwa hushukuru, haanzi kuuliza maswali.

Nisalimie mumeo, watoto, wanafunzi wako wote, na yule mwenzako aliyenifungia mlango siku ya semina. Mwambie aliufunga kwa adabu.

Wako, kwa heshima niliyobakiwa nayo,
Fundi wa Lifti

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii mchumba wangu ameingia hapa kwenye chumba cha mashine, juu ya paa. Hapandi tena lifti, kwa hiyo amekuja kwa ngazi kutoka chini kabisa. Amefika anahema, amejishika kifua, uso umemwiva, akaniambia ameshajua: ananipenda, harusi ipo. Daktari, nilifurahi nikataka kupiga kelele. Kisha nikazikumbuka zile ngazi. Nikampa kiti, nikampa maji, nikamwomba apumzike hadi mapigo yatulie, ndipo arudie maneno yale, tujue kama ni mimi au ni ngazi. Amenitolea macho. Amesema anachohisi sasa hivi ni hasira, na anajua fika ni ya nani. Ameshuka. Nasikia viatu vyake, nadhani yuko ghorofa ya tatu. Nataka kumkimbilia, lakini nikikimbia moyo wangu nao utadunda, na nikimfikia sitajua ninachomwambia kimetoka wapi. Tafadhali nijibu haraka.