Mbuzi ya Nazi Niliyoitia Ndani Kama Mwari

Leo uso wangu nimeuacha Magarini kwa wakwe. Atakayepita huko aniokotee.

Mwajua mjukuu wangu Dama ameolewa, na kwetu bibi ndiye humpa bi harusi mbuzi ya kukunia nazi. Si ya kuokota sokoni. Ya kuchongwa, yenye maua kwenye kikalio. Sasa siku ya posa, bibi yake bwana harusi, Bi Mbodze, alisikia nataka mbuzi nyeupe, akacheka. "Mkwe, mti mweupe hakuna. Mweupe ni rangi ya mkebe."

Mbele za watu!

Nikamwambia, "Nitakuletea nyeupe ya kuzaliwa, haijaguswa na brashi, na utaipapasa kwa mkono wako mwenyewe." Dama akanivuta leso. "Hawe, tafadhali. Mimi ndiye nitakayekaa na hawa watu." (Hawe ni bibi, nyinyi mliotoka bara.) Mtoto alisema kweli. Bibi akishindwa na maneno yake, anayesutwa jikoni ni bi harusi.

Nikaenda kwa fundi Mutua, mchongaji, pale Malindi. Akanitolea mbao. Msufi mweupe kweli, lakini nikaubonyeza kwa kucha, kucha ikazama. Huo ni mkate. Mjaranda mzuri, ila umekaa manjanomanjano kama meno ya mvuta tumbaku. Halafu akapasua gogo la mwembe lililokatwa juzijuzi. Lo! Ndani kweupe kama nazi iliyovunjwa sasa hivi.

"Huu ndio," nikasema.

"Mama, huu bado una maji."

"Kwani nazi haina maji?" (Hapo nikajiona nimejibu.)

Akachonga maua ya kupendeza. Siku ya kuichukua akaniambia, "Usiianike juani, itapasuka. Iweke kivulini penye upepo." Kivuli nilikisikia. Upepo ulinipita.

Basi kitu cheupe kisichotaka jua mimi nakijua. Ni mwari! Mwari hutiwa ndani, mlango ukafungwa, akapakwa liwa na mafuta mpaka siku ya kutolewa. Nimewatia ndani wasichana wangu wote na walitoka wakimeremeta. Mbuzi nayo nikaitia ndani. Nikaifunga nailoni, juu ya nailoni leso, nikaisukuma chini ya kitanda. Asubuhi na jioni nachomeka mkono mulemule gizani, naipaka mafuta ya nazi. Kufungua nitazame? Hata. (Mwari haoneshwioneshwi.)

Leo tukapeleka vyombo kutoka kwetu Ganda. Nimevaa gauni jeupe makusudi, ili mimi na mbuzi tufanane. Ndani ya gari binti yangu, mamake Dama, akawa ananusanusa. "Mama, nani kabeba mbata zilizooza?" Nikamwambia afunge dirisha, ni harufu ya shamba la watu.

Tukapokewa kwa vigelegele. Wanawake wameketi mkekani, Bi Mbodze mbele kabisa, miwani ameifuta. Nikasimama katikati. "Haya mkwe, tizama nyeupe ya kuzaliwa!" Nikavuta leso, nikararua nailoni.

Vigelegele vikakatika.

Mulungu wangu! Kuvu. Ya buluu, ya kijani, nyeusi tititi, mabaka kwa mabaka, na pembeni imeota manyoya. Maua ya fundi huyaoni.

Bi Mbodze akainama, akarekebisha miwani. "Mkwe, hii nyeupe ya Ganda imepata ndui?"

Hapo mwenye akili angesema samahani. Mimi nikasema, "Ni vumbi la safari." Nikapangusa kwa leso, ikaenea.

"Mbao mbichi haifungiwi, mkwe," akasema. "Huachiwa upepo."

"Mbuzi ni ya kukunia, si ya kutazamwa!" nikamjibu. Maana desturi ni bibi akune nazi ya kwanza. Nikakusanya gauni, nikaketi kwa mbwembwe.

Nilisahau yale mafuta. Kikalio kimekunywa mafuta mpaka kimekinai! Nazi nimeigusisha tu kwenye meno ya mbuzi, nikikandamiza, nikachomoka kama kokwa la embe. Nazi kule, mimi huku, miguu juu, makalio ndani ya sinia.

Nikainuka kwa heshima zangu zote. Kicheko kikazidi. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, usigeuke."

Nilikuwa nishageuka. Yale maua ya fundi Mutua yaliyokuwa hayaonekani kwenye mbuzi, yote yalikuwa yamejichapa nyuma ya gauni langu. Jani kwa jani.

Nikamtazama Dama mlangoni. Kila mtu anacheka, yeye hacheki. Hilo ndilo lililonichoma.

Akatoka. Akaokota nazi, akaiosha, akatandika gunia juu ya kikalio, akaketi kwenye mbuzi ileile yenye ndui, akakuna. Mkono wenyewe mwepesi, hauna haraka. Nazi ikawa inashuka siniani laini, bila chembe ya kifuu. Wanawake wakanyamaza mmojammoja, wakawa wanatazama ule mkono. Mimi nimebana mgongo ukutani, siwezi hata kumsifu.

Bi Mbodze akachota kidogo kwa vidole, akatafuna. Akatafuna tena. Nikaona anachelewa makusudi.

"Mkwe," akaniambia, "mbao umeniletea mbichi. Lakini msichana umemleta ameiva." Akapiga kigelegele yeye mwenyewe, akamshika Dama mkono, wakaingia jikoni.

Nimerudi nyumbani. Gauni nimeliloweka kwa sabuni, maua hayatoki. Atakayecheka humu kikundini, ndoo iko uani, aje alifue.