Steringi wa Kisarawe

Tito aliiona fursa akiwa amesimama nyuma ya umati, mkononi ana sahani ya pilau aliyopakuliwa bila kualikwa. Ilikuwa jioni, uani kwa Bi Mwanahalima wa Kisarawe. Shuka jeupe limetandazwa ukutani, projekta inawaka, na mtaa mzima umekuja kutazama video ya harusi ya binti yake. Ajabu ni kwamba hakuna aliyemtazama bibi harusi. Kila mtu alikuwa akijitafuta mwenyewe.

"Pazi, rudisha nyuma!" mwenye nyumba akapiga kelele. "Pale ninapopakua!"

Pazi, mpiga video wa harusi, akarudisha. Bi Mwanahalima akajitazama akipakua pilau mara nyingine, ametulia kama yuko kwenye khutba. Tito akalamba vidole. Watu wanaopenda sura zao kiasi hiki, alijiambia, ni dhambi kuwaacha na fedha zao.

Alikuwa amehamia Kisarawe kwa sababu za kiafya: kule Kibaha kulikuwa na watu walioahidi kumvunja miguu. Wengine aliwauzia viwanja vya Mbwawa vilivyokuwa shamba la mihogo la mtu. Hakuwa na elimu wala mtaji, ila sura moja tu, na uzuri wa sura ile ni kwamba haikukumbukwa na mtu. Hata mama yake mzazi, mwenyewe alipenda kusema, humtazama mara mbili kabla ya kumwitikia salamu. Tapeli akishajulikana sura, basi tena, akauze mkaa.

Kesho yake alirudi na miwani nyeusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni mtayarishaji wa filamu. Natafuta sura za Kisarawe. Tutazionyesha kwenye skrini kubwa."

"Kubwa kama ile ya mpira?"

"Mama, ile ya mpira ukiiweka kando ya hii, utadhani simu."

Bi Mwanahalima akamtazama kwa muda. "Nitaonekana nikipakua?"

"Ukipakua, ukionja, ukilia."

"Nalia nini?"

"Hayo tuachie wasanii, mama."

Basi ikaanzishwa ada ya sura. Aliyetaka kuonekana alilipa. Aliyetaka kusema neno aliongeza. Na mzee mmoja alilipia asimame mbali na jirani yake. Pazi alikubali kupiga picha kwa ahadi ya kulipwa baada ya uzinduzi. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi. Tito alikuwa amepanga kwamba Ijumaa jioni atakuwa Chalinze, na wana Kisarawe watabaki wakikodolea shuka.

Ndipo Bi Mwanahalima alipomvuta pembeni.

"Mwanangu, hii filamu steringi wake, yule shujaa, ni nani?"

Tito akababaika. Katika mipango yake yote alisahau kwamba filamu huwa na watu ndani.

"Maana nimewatazama wote," mama akaendelea. "Pazi ana kitambi. Mudathir muuza nazi ana macho ya usingizi. Mwenye sura ya steringi hapa ni wewe."

Tito alikuwa amewasifia watu maisha yake yote kwa malipo, wala hakuna aliyewahi kumsifia yeye bure. Kitu kikalainika kifuani mwake. Alijua kinalainika, na alijua nini hufuata, maana hiyo ndiyo kazi yake. Hata hivyo akauliza, kwa sauti ya mtoto anayeahidiwa soda, "Kweli, mama?"

Steringi, ikaonekana, hachezi na shati lililopauka. Ikanunuliwa suti. Steringi hatembei kwa miguu, likakodiwa gari. Na steringi hatazamwi kwenye shuka, ikakodiwa skrini ya kweli, na spika zake, na jenereta. Vyote vililipwa kutoka mfuko wa ada ya sura, na mlipaji alikuwa Tito, akiona uchungu na fahari kwa pamoja.

"Usiigize, kaka," Pazi alimwelekeza. "Ongea na watu kama siku zote. Chukua ada kama siku zote."

Tito akachukua ada mbele ya kamera. Akambembeleza bibi mmoja mpaka akafungua fundo la kanga. Fedha zilipoingia mfukoni akaigeukia kamera, akakonyeza. Pazi akasifu, akamwomba sasa amweleze mtazamaji siri yake. Tito, sanaa imeshampanda kichwani, akaeleza yote: Mbwawa, mihogo, Chalinze.

Ijumaa ikapita. Mfuko ulikuwa umebaki mwepesi, lakini tusimsingizie: alibaki kwa sababu alitaka kujiona.

Jumamosi uwanja ulifurika. Pazi alikuwa ametangaza kwenye makundi ya WhatsApp, watu wakaja hadi kutoka Kibaha. Skrini ikawaka, na Tito akajiona, mkubwa kama nyumba, ndani ya suti. Machozi yakamtoka.

"Yule mimi!" akapiga kelele. "Rudisha nyuma!"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Na sauti ya Pazi ikatoka kwenye spika, ikisimulia: "Huyu ndiye adui." Kisha akatokea Bi Mwanahalima na upawa mkononi, na sauti ikasema, "Na huyu ndiye steringi."

Adui alipokonyeza, vigelegele vikapasua anga. Wanawake wakainuka wakicheza, wakaenda kumtunza, kama wanavyotunza ngomani, noti zikianguka kwenye ungo chini ya skrini. Tito akaufikia ungo. Bi Mwanahalima alikuwa ameshaketi kando ya ungo.

"Hiyo ni ya wenye filamu, mwanangu."

"Nani wenye filamu?"

"Si waliolipa ada?"

"Ulinijua lini, mama?"

"Siku ile ya kwanza. Mimi mpakuaji. Sura iliyoshika sahani yangu siisahau, hata ivae miwani."

Mstari wa mbele, mmoja wa waliouziwa viwanja vya Mbwawa alikuwa akiitazama skrini, kisha Tito, kisha skrini. Tito hakungoja amalize hesabu. Suti ilichanikia kwenye michongoma.

Majuma machache baadaye, stendi ya Chalinze, alivaa miwani, akamsogelea mama muuza machungwa.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mtayarishaji..."

Mama akaangua kicheko, akatoa simu yenye filamu ile ile, akamwita mwenzake. "Anifa, njoo! Yule adui wa Kisarawe huyu hapa!" Kisha akamgeukia. "Konyeza basi, mwanangu, kama mle kwenye filamu."

Watu wakaanza kusogea. Tito alijua kabisa kwamba hapo ndipo pa kukimbia.

Akavua miwani, akaweka kola sawa, akakonyeza.