Dakika Arobaini Hadi Migori

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Leo nimeitwa Risasi mbele ya watu. Nilikuwa nashusha makasha ya mbuta sokoni Migori. Mama Beverly, tajiri wangu, akawaambia wateja wayatazame macho ya samaki yanavyong'aa. Akasema ni kwa sababu mimi, Mirumbe, dereva wake, natoka Homa Bay kwa dakika arobaini. Watu wakanitazama kama mtu aliyerudi vitani. Nikafunga mlango wa pikapu taratibu, nikaitikia kwa kichwa.

Ukweli nauandika humu tu. Mshale wa spidi ukipita themanini, magoti yangu hutetemeka. Ukifika tisini namkumbuka marehemu mjomba, aliyefia barabarani. Safari yangu huchukua dakika sabini na tano, na kwenye kona za karibu na Rongo napiga honi hata kama hakuna mtu.

Lakini Mama Beverly alikuwa amemfukuza Ombati, dereva wa kwanza, kwa sababu ya kuchelewa. Siku aliyoniajiri aliniuliza mimi natumia muda gani. Mdomo ukatangulia. Nikasema arobaini.

Jumatano, 4 Septemba

Mpango unafanya kazi vizuri. Una tundu moja tu la kuvuja, nalo ni Filister.

Filister ndiye anayempimia Mama Beverly samaki kule ufuoni Homa Bay. Yeye huandika kwenye karatasi saa ya gari kuondoka. Mimi huondoka saa kumi na mbili na nusu, yeye huandika saa moja na dakika tano. Nafika Migori saa moja na dakika arobaini na tano. Mama Beverly anapiga hesabu, anatabasamu. Hakuna aliyeumia.

Kwa wema huo humletea Filister sukari nguru kutoka kwetu Kehancha. Anasema ni ya chai. Mtu wa chai gani humaliza vipande vinne vizima kwa wiki? Sikuuliza anapika pombe gani. Naye haulizi kwa nini nataka dakika thelathini na tano za uongo.

Leo lakini amesema mkono wake umeanza kuchoka kudanganya. Amesema ndizi pia zingeusaidia.

Ijumaa, 6 Septemba

Monari amenishika. Au karibu anishike.

Monari ni Mkisii, anaendesha Hilux ya tajiri mwingine wa samaki. Huyo hukimbia kweli. Huja nyuma yako taa zimewaka mchana, na kabla hujasali amekwisha pita. Leo amenikuta pale kwa muuza chai Migori, akaketi bila kukaribishwa. Akasema ana swali moja. Yeye hufika kwa dakika arobaini na tano na ndiye anayejulikana kwa mbio. Mimi nafika kwa arobaini. Basi kwa nini hajawahi kuniona nikimpita?

Nikasema huenda napita kabla hajatazama kioo.

Akakoroga chai. Kisha akasema juzi alisimama Rongo kununua ndizi, akaniona napita polepole, nampigia honi kuku. Nikamwambia injini ilikuwa inapumzika. Akauliza tangu lini injini ikapumzika ikitembea. Nikamaliza chai ikiwa moto. Ulimi umevimba mpaka sasa.

Jumapili, 8 Septemba

Nilikwenda Rongo kumwona Roseline. Ni muuguzi katika kituo kidogo cha afya, anakaa kwa shangazi yake. Hii ni Jumapili ya tano. Shangazi sasa ananipa kikombe chenye sahani yake.

Roseline alinisimulia wiki yake kituoni. Ijumaa walipokea watu wa ajali. Alisema kinachomsumbua si damu, damu ameizoea. Ni viatu. Mtu akigongwa na gari la mbio, viatu humtoka, hubaki barabarani peke yake. Halafu ndugu huja kituoni wamevishika mkononi, hawajui waviweke wapi.

Nikamwambia mimi huendesha kama nimebeba mayai. Ni kweli kabisa! Ajabu ni kwamba ukweli huo ulitoka mdomoni ukiwa na harufu ya uongo.

Alifurahi. Akanishika mkono. Kisha akasema kuna dereva mmoja wa samaki anayeitwa Risasi, sifa zake zimefika hadi Rongo, na siku akimpata atamweleza habari za viatu mpaka aache kazi. Chai ikanipalia. Shangazi akanipiga mgongoni.

Jumanne, 10 Septemba

Kuna harusi Jumamosi. Binti wa mchungaji, hapa Migori. Mama Beverly ndiye atakayeleta samaki, na familia ya bwana harusi inataka ngege wa kisiwa cha Mfangano, si wengine. Boti ya Mfangano hutia nanga Homa Bay karibu saa tano asubuhi. Wapishi wanataka samaki kabla ya saa sita.

Dereva mwingine angekataa, alisema Mama Beverly. Lakini yeye ana Risasi. Ukiondoka saa tano na dakika tano, saa tano na dakika arobaini na tano umefika. Aliyasema hayo mbele ya mchungaji. Mchungaji akanibariki.

Nimepiga hesabu mara nne. Nitafika saa sita na dakika ishirini. Na safari hii Filister hawezi kusaidia, kwa sababu kila mtu atajua boti imeingia saa ngapi.

Dakika ishirini tu. Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema, "Amina."

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepata njia. Gari bovu halilaumiwi.

Asubuhi nililegeza waya mmoja wa plagi, nikampelekea Mama Beverly gari likikohoa. Nikamwambia kwa huzuni kwamba tusiliamini siku kubwa kama hiyo. Tumkodi Monari. Nilijisifu moyoni kwa unyenyekevu huo.

Mama Beverly akaleta fundi, mzee mmoja asiyeongea. Akakaza waya wangu kwa dakika moja. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha fungua boneti, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi zote nne na kurekebisha breki. Mchana nililijaribu. Nimegusa mafuta kwa kidole cha mguu, pikapu ikaruka kama imeitwa. Haijawahi kuwa na afya namna hii.

Nikirudi, Roseline akanisimamisha barabarani Rongo. Kesho ana semina katika hospitali ya Homa Bay, atalala huko. Jumamosi anataka kwenda Migori kwa dada yake. Aliuliza kama ninaweza kumbeba, kwani mimi ndiye dereva pekee anayemwamini.

Nikasema karibu.

Jumamosi, 14 Septemba

Jioni. Nitaandika yote.

Tuliondoka Homa Bay saa tano na dakika saba. Filister aliandika saa ya kweli, kwa herufi kubwa. Roseline alikaa kando yangu, mkoba juu ya mapaja. Nilikwenda sabini. Akasema anasikia usingizi kwa raha. Nilifikiri labda nitamweleza Mama Beverly kuhusu pancha. Watu hupata pancha.

Kisha Monari akatupita. Alipunguza mwendo akawa sambamba nasi, akatazama ndani, akatazama saa yake ya mkono, halafu akaenda zake. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikaanza kuwaona wapishi wamesimama na masufuria matupu. Nikamwona mchungaji. Nikakanyaga.

Tisini. Mia. Mia na kumi. Fundi alikuwa amefanya kazi nzuri. Jambo linalonitisha sasa ni kwamba magoti hayakutetemeka. Yalitulia. Mashamba yakawa rangi moja, upepo ukalia dirishani, na kwa dakika tatu hivi nilikuwa Risasi kweli, na ilikuwa tamu. Mia na ishirini na tano.

"Mirumbe, punguza," Roseline alisema. Hakupaza sauti.

Nilimsikia. Sitaandika kwamba sikumsikia. Nilijiambia nitapunguza baada ya kona ile.

Baada ya kona ile kulikuwa na mzee anavuka barabara, anasukuma baiskeli yenye mzigo wa miwa.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likateleza kiubavu. Barafu na samaki vikaruka juu ya paa vikaenda mbele yetu, kisha nasi tukaingia shambani kwenye miwa. Nikatazama barabara. Katikati ya lami kulikuwa na ndala moja ya tairi. Moja tu.

Sikuweza kutoka. Nilishika usukani na kuitazama ile ndala. Roseline alikuwa amekwisha kimbia.

Mzee alikuwa ameketi kwenye nyasi ng'ambo ya pili. Mzima. Alikuwa ameiachia baiskeli akaruka, na gari lilikuwa limepita juu ya gurudumu lake la nyuma. Roseline alimpapasa mbavu na mikono, akamwuliza maswali. Kisha akarudi barabarani, akaiokota ile ndala, akaifuta kwa leso yake, akaenda kumvisha. Hakunitazama.

Nilipotoka garini nilikwenda kuomba msamaha. Mzee akaniuliza kwa Kijaluo mimi ni wuod ng'a, mtoto wa nani. Nikamtajia baba yangu, nikasema yuko Kehancha, bado yu hai. Akatikisa kichwa.

"Basi leo baba yako na watoto wangu wameponea pamoja," akasema kwa Kiswahili.

Ningependa angenitukana.

Monari alirudi. Alikuwa ametazama kioo, akaona hatutokei kwenye kona. Hakusema lolote la kuniumiza, alitoa kamba na kulivuta gari hadi kando ya barabara. Watu wa karibu walisaidia kuokota ngege na kuwaosha, wakapakiwa kwenye Hilux. Roseline akachukua mkoba wake akapanda kando ya Monari. Kabla ya kufunga mlango aliniuliza swali moja.

"Risasi ni wewe?"

Nikasema ndiyo.

Nilibaki na mzee kwenye nyasi. Tulikula muwa mmoja.

Jumatatu, 16 Septemba

Nilikwenda kwa Mama Beverly nikiwa nimeandaa maelezo matatu. Moja lilikuwa na ng'ombe. Hakuna lililohitajika. Filister alikuwa ameungama kila kitu tangu Jumamosi mchana, tena kabla ya kuulizwa.

Samaki walifika saa saba. Monari aliendesha hamsini njia nzima, kwa sababu Roseline alimsimulia habari za viatu kutoka hapo hadi Migori. Na harusini hakuna aliyejua kama samaki wamechelewa. Bibi harusi mwenyewe alifika saa nane.

Mama Beverly hakunifokea. Alinivutia kiti. Akasema alikuwa ameziangalia karatasi zote upya, akaongeza dakika zangu zilizofichwa. Akaona kwamba kila siku niliondoka mapema kuliko madereva wote wa ufuo ule, na nikaendesha polepole kuliko wote, na samaki wake hawajawahi kufika wakiwa salama namna hiyo.

"Ungeniambia hivyo tu, Mirumbe, ningekaa na wewe miaka kumi," akasema.

Kisha akanyoosha mkono aupokee ufunguo. Ombati, yule dereva wake wa kwanza, alikuwa amesimama mlangoni, amevaa shati safi.

Jumanne, 17 Septemba

Nimempelekea mzee gurudumu jipya, nikalifunga mwenyewe. Mkewe alinipa nyuka, uji wao wa mtama, bakuli kubwa. Sikujua nikae vipi kwa watu wanaonilisha baada ya lile. Mzee aliniomba kitu kimoja, nisikimbie tena na gari. Nikamwapia nikiwa nimeshika kizingiti cha nyumba yake. Machozi yalinitoka. Nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Nilipita kituo cha afya Rongo. Roseline alikuwa zamu. Alisema amesikia habari za gurudumu, akanishukuru kama anavyomshukuru mgonjwa yeyote. Hilux ya Monari ilikuwa imeegeshwa nje. Amekuja kupima presha, alisema. Mara ya pili wiki hii.

Alhamisi, 19 Septemba

Homa Bay, kutafuta kazi yoyote isiyo na magurudumu. Nimeapa na nitatimiza.

Mungu ni mwema. Pale gatini nilimkuta Chrispine, mwenye boti kutoka Mfangano. Nahodha wake ameacha kazi, na anataka mtu wa kuwaleta ngege ufuoni kabla ya boti za wengine. Akaniuliza kama nimewahi kushika injini ya boti. Nikamwambia nimezaliwa nayo. Akaniuliza ninaweza kutoka Mfangano hadi hapa kwa muda gani. Nikamwuliza kwanza wenzangu hutumia muda gani. Akanitajia.

Nimesema nusu yake.

Alinishika mkono kwa mikono miwili. Naanza Jumatatu. Sijui kuogelea, lakini nimelifikiria hilo kwa makini, na kazi ya nahodha ni kukaa ndani ya boti.