Jino la Mwimba Solo

Jumatatu, Julai 1, 1996
Gego la chini, kulia. Nikinywa maji naruka. Na Jumapili Askofu anakuja Rangwe! Solo ya kwaya ni yangu. Maurice, mwenzangu wa sauti ya tatu, ameniuliza hali mara mbili. "Omera, ndugu yangu, pole sana." Pole ya Maurice! Anaitaka solo. Mke wangu Filister anasema niende Homa Bay kwa daktari wa meno. Nimekataa. Nina mpango: karafuu kwenye jino, skafu shingoni, nisingizie koo. Mwimbaji kuuguza koo ni heshima.

Jumanne, Julai 2
Karafuu bure. Shavu kama andazi. Mazoezini mwalimu wetu Roseline aliuliza kwa nini naimba "Bwada asifiwe". Maurice akacheka hadi akakaa chini. Nimekimbilia Homa Bay.

Niliingia nikimwambia Daktari Onsongo ang'oe upesi. Akapiga picha, akasema hapana, jino linaokoka. Neva iliyo ndani imeoza. Ataitoa, asafishe mizizi, kisha aizibe. Nilikuwa nimesikia kazi hiyo ni mateso. Uongo! Baada ya sindano ya ganzi sikusikia kitu. Nililala. Nesi anadai nilikoroma.

Lakini masharti! Amelifunika kwa muda tu. Nirudi wiki ijayo amalize, kisha livishwe kofia ngumu ya kulikinga. Hadi hapo nisitafunie upande huo. Akarudia polepole, kama kwa mtoto: maumivu kuisha si kupona.

Alhamisi, Julai 4
Haliumi! Hata kidogo! Yawa, kwa nini nirudi? Onsongo anapenda tu kushika mdomo wa watu. Mpango: sirudi.

Baada ya mazoezi Roseline alileta mahindi ya kuchoma. Maurice akatangaza mbele ya sauti zote nne kwamba mimi nipewe uji, mimi ni mgonjwa. Mgonjwa! Nikachukua hindi kubwa kuliko yote. Nikalitafunia upande wa kulia, nikimtazama machoni.

Kah!

Kwanza nilidhani ni gunzi.

Ijumaa, Julai 5
Homa Bay tena. Filister amekuja nami, eti ahakikishe nimesikia. Onsongo hakugomba, alinitazama tu, na hilo ndilo baya zaidi. Jino lililotobolewa hivyo ni dhaifu, akasema, ndiyo maana ya kofia. Sasa limepasuka hadi kwenye mzizi. Halifai tena. Niliomba alibandike hata kwa gundi, hadi Jumapili tu. Filister akamwambia, "Daktari, ng'oa."

Ameng'oa.

Jumapili, Julai 7
Askofu amekuja. Mimi nilisimama nyuma, shavu limevimba, nikifungua mdomo bila sauti. Maurice aliimba solo. Vizuri, kwa bahati mbaya. Mama mmoja alilia. Askofu alimshika Maurice mkono, akamwuliza jina. Nilikunywa chai ya vuguvugu peke yangu nyuma ya kanisa. Nilitaka sana solo ile.

Jumatatu, Julai 8
Filister amenikumbusha: Onsongo ameona tundu dogo kwenye jino lingine, anataka nirudi Alhamisi alizibe kabla halijafika kwenye neva. Nimemwambia haliumi, kwa hiyo ni zima. Akauliza, "Baba Dorine, kwani umejifunza nini?"

Nimejifunza mengi. Meno ya chini si ya kuaminika. Hili ni la juu.