Trekta Isiyopenda Shikamoo

Jumapili, 26 Novemba

Trekta imefika! Imeletwa juu ya mkokoteni wa punda. Mwigulu alisimama mlangoni mwa duka lake akauliza, kwa sauti ya kusikika Segese nzima, kama punda ndiye dereva. Mwigulu ni mwenyekiti wa kamati ya uwanja wa mpira na hana kingine cha kujivunia.

Ni trekta ndogo ya kukatia nyasi, ile unayokaa juu yake, visu vikiwa chini ya tumbo. Nimeipata kwa mzee Benjamini, aliyekuwa akitunza bustani katika kambi ya wakandarasi kabla haijafungwa. Nimempa baiskeli yangu na mbuzi wawili. Ina gia, usukani, taa moja, na rangi nyekundu sehemu ambazo kutu haijafika. Benjamini amesema ilifanya kazi vizuri sana mpaka siku ilipoacha. Mzee mkweli.

Mke wangu Mbuke aliizunguka mara moja. Akasema yeye tangu azaliwe ameona nyasi zikikatwa na ng'ombe, na ng'ombe anatoa na maziwa. Akauliza hii inatoa nini. Nikamwambia asubiri. Akaenda kupepeta mahindi yake.

Jumatatu, 27 Novemba

Mkutano wa michezo kwa mtendaji wa kata, Mama Noela. Fainali ya Kombe la Ng'ombe itachezwa siku ya Uhuru, Karasha FC na Bodaboda. Mvua zimezidi, nyasi za uwanja ziko magotini. Mwigulu akasema, kama kila mwaka, ataingiza ng'ombe wake wale. Golikipa wa Karasha akasimama kulalamika. Mwaka jana alirukia penalti, mpira akaukosa, akadaka kitu kingine kibichi.

Hapo nikanyanyuka. Nikasema nina trekta, na uwanja nitaufanya zulia. Makofi! Mwigulu akauliza, na zulia likishindikana? Nikasikia sauti inasema likishindikana, ng'ombe wa zawadi atatoka zizini kwa Maduhu, tena yule mkubwa, Meneja. Sauti ilikuwa yangu, na Maduhu ndiye mimi. Na nikifaulu, uenyekiti ni wangu. Mama Noela akasema imepita.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wanaosema hivyo hawajawahi kuwa na trekta.

Meneja ni maksai wetu wa kulimia. Anafungwa nira moja na mwenzake, Msaidizi, na shamba la pamba la Mbuke linawasubiri wote wawili mara ardhi ikilainika. Mama yake Meneja alitoka zizini kwa mama mkwe wangu, kwa hiyo kwa namna fulani ni ndugu. Mbuke sijamwambia. Nitamwambia nikishakuwa mwenyekiti.

Jumatano, 29 Novemba

Nimemwita Herman, fundi wa makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Mtu anayetengeneza mashine ya kusaga jiwe hawezi kushindwa na ya kukata jani. Tulifungua kabureta, petroli ya zamani imeganda ndani kama uji wa ulezi uliolala. Chini ya kifuniko cha injini panya walikuwa wamejenga mji. Plagi nyeusi tii. Mkanda wa kuzungushia visu umekatika, Herman akaleta mkanda wa karasha. Ulikuwa mrefu, akasogeza gurudumu lake mpaka ukakaza.

Betri ya trekta imekufa. Nikaazima ya sola ya nyumbani. Mbuke aliporudi akaniuliza kwa nini taa haziwaki. Nikamwambia leo kulikuwa na mawingu. Akatazama juu, akafuata waya taratibu kutoka ukutani, akaikuta betri mahali ilipo. Tumekula gizani.

Lakini imewaka! Moshi mweusi, kisha mweupe, kisha ngurumo tamu. Kuku wa jirani walihama na hawajarudi mpaka sasa.

Ijumaa, 1 Desemba

Siku kubwa. Nimekata robo ya uwanja kabla ya chakula cha mchana. Nyasi zote chini, zimelala upande mmoja kama nywele zilizopakwa mafuta. Nilipita dukani kwa Mwigulu kununua chumvi ambayo hatuihitaji, ili anione. Nikamshauri aanze kutafuta malisho mengine.

Jumamosi, 2 Desemba

Nyasi zimesimama tena. Zote! Umande umezinyanyua. Mwigulu kaja mpaka getini kwangu akaniamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, kwa upole mkubwa, kisha akauliza nyasi zangu nazo zimeamkaje.

Herman akalala chini ya trekta, akacheka huko huko. Visu vimefungwa chini juu. Makali yanatazama upande usiotakiwa, kwa hiyo vilikuwa vinazipapasa tu. Akauliza nani alivifunga. Nikasema huenda panya. Akavigeuza akanoa, tusilizungumze tena.

Jumatatu, 4 Desemba

Sasa inakata kweli. Majani yanaruka, harufu nzuri. Lakini imeanza ugonjwa mpya: inazimika yenyewe.

Nimeandika mlolongo, kwa sababu mtu msomi hutafuta chanzo. Asubuhi, mstari wa kwanza, inakwenda vizuri. Mzee Mihayo anakatiza uwanja kwenda gulioni. Nanyanyuka kidogo kitini, shikamoo mzee, marahaba. Injini zii. Nawasha. Anapita mwalimu mstaafu. Nanyanyuka, shikamoo mwalimu. Zii. Anapita Bibi Mageni na kuni zake. Nanyanyuka. Zii! Bibi Mageni akaniuliza kama mashine imekasirika.

Wakati wote huo Mwigulu amesimama pembeni ya goli, amekunja mikono. Mtu hakunji mikono bure. Nimemwambia Mbuke kwamba kuna jicho baya linatumika. Akasema jicho baya ni la aliyeona ile trekta akaitamani.

Jumanne, 5 Desemba

Nimegundua hila, ingawa si yote. Mwigulu amealika wazee wa kata nzima waje kunywa chai dukani kwake, bure, na njia ya dukani kwake inakatiza katikati ya uwanja. Walikuja kwa mafungu, wa fimbo na wasio na fimbo. Kila mmoja lazima aamkiwe! Mimi ni mtoto wa watu, siwezi kumwamkia mzee nimebandika makalio kitini kama mzungu. Nyanyuka, shikamoo, zii. Nyanyuka, shikamoo, zii. Wengine wakanywa chai, wakarudi kwa njia ile ile, wakataka tena habari za nyumbani.

Mpaka jioni nimekata eneo la kutosha kulala mbuzi mmoja. Betri imeisha. Mwigulu alikuwa anamimina chai mwenyewe.

Jumatano, 6 Desemba

Herman kapata dawa. Chini ya kiti kuna swichi ndogo. Mtu akikaa, umeme unapita. Akinyanyuka, injini inazima, ili mashine isije ikamkata mwenye mashine. Kumbe si jicho. Ila Mwigulu aliijuaje mapema? Herman akasema aliangalia tu.

Herman akashauri niwe nawaamkia nikiwa nimekaa. Nikamuuliza kama anaweza kumwamkia baba mkwe wake yeye akiwa amekaa. Akaingiza mkono chini ya kiti. Halafu akakata nyaya mbili za swichi akaziunganisha. Sasa hata nikisimama juu ya boneti itanguruma. Akanionya, tena kwa kunishika bega, kwamba kuanzia leo nisishuke kabla sijatoa gia na kuzima. Nikasema nimesikia. Akasema nirudie alichosema. Nikamwambia mimi si mtoto.

Jumatatu na Jumanne nilizipoteza bure. Leo nimeamkia wazee wote wa Mwigulu kwa kunyanyuka mpaka kiunoni, na trekta ikaendelea kukata. Nusu ya uwanja tayari! Mwigulu amefunga chai.

Alhamisi, 7 Desemba

Mbuke amejua kuhusu Meneja. Amesikia kwenye mashine ya kusaga unga, kwa wanawake waliodhani anajua.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya. Alipika ugali na mlenda, akaninawisha mikono, akasubiri nimalize. Kisha akasema, "Baba Nelly, majirani wameshapanda. Mimi nimengoja ardhi ilainike. Imelainika. Ng'ombe mmoja hafungwi nira peke yake." Basi. Nilijisikia mdogo kuliko kuku. Nilitaka kumwambia samahani, lakini nikamwambia kwamba zimebaki hatua chache tu, na mke wa mwenyekiti hukaa kiti cha mbele.

Akasema sawa. Akasema na mama yake atakuja Jumamosi kuona.

Ijumaa, 8 Desemba

Nimemaliza uwanja, isipokuwa ukanda mmoja mbele ya meza kuu. Herman kasema nimalizie leo. Mama Noela kasema nimalizie leo. Hata golikipa. Hawaelewi mambo ya hadhara. Ukanda huo nitaukata kesho, watu wakiwa wamejaa, muziki ukipigwa. Nimepiga pasi suruali. Nimempangusa Meneja vumbi pia, apendeze akiwa anabaki nyumbani.

Jumamosi, 9 Desemba

Siku ya Uhuru. Naandika kwa ufupi.

Watu walikuwa wengi, wachimbaji wametoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na matope yao, bodaboda wanapiga honi. Uwanja ulikuwa zulia. Hata Mwigulu aliukanyaga kwa heshima, nilimwona. Nikawasha, gia ya pili, nikaingia ukanda wa mwisho. Vifijo!

Hapo nikamwona mama mkwe anaingia kwa upande wangu, kitenge kipya, Mbuke yuko nyuma yake. Mama mkwe haamkiwi kutoka juu ya kitu. Nikashuka. Nikasogea pembeni kama inavyotakiwa, nikainama, macho chini, nikamwamkia taratibu. Akaniitikia vizuri, akauliza habari za watoto, akauliza habari za mvua. Nyuma yangu injini inanguruma, haikuzimika! Nilijivuna. Nikawaza, Herman ni fundi.

Kisha ngurumo ikaanza kuwa ya mbali.

Trekta ilikwenda imenyooka, lazima niseme hivyo. Ikaingia golini bila kupingwa, ikabeba wavu, wavu ukajisokota kwenye visu, mlingoti mmoja ukang'oka, mwingine ukaufuata. Ikageuka na goli lake ikaelekea meza kuu. Mama Noela akakimbia na kipaza sauti mkononi, kwa hiyo Segese yote ilimsikia akiomba. Mwigulu alipanda juu ya meza. Trekta ikala kitambaa cha meza, ikakohoa, ikazimika miguuni pake. Hakuna aliyeumia. Wachimbaji walishangilia sana, wengine walidhani ni sehemu ya sherehe.

Mechi ilichezwa kwa mawe mawili badala ya goli. Karasha wakashinda moja bila, bao ambalo Bodaboda wanasema lilipita juu ya jiwe. Halafu kikao. Nikasema ahadi yangu ilikuwa nyasi, na nyasi zimekatwa, waangalie. Mwigulu akasema uwanja usio na goli ni malisho. Watu wakacheka, na ninavyowajua watu wa Segese, mtu akishachekesha ameshashinda. Mama Noela akasema imepita.

Nilimleta Meneja mwenyewe. Mbuke alimshika sikio muda mrefu, machozi yakamtoka, akamwachia. Nilitamani ardhi inimeze. Karasha wamesema watamchinja Krismasi. Mwigulu anabaki mwenyekiti.

Mama mkwe alisema jambo moja tu wakati wa kuondoka, kwamba mkwe wake ana adabu. Mbuke alimjibu ndiyo mama.

Jumatatu, 11 Desemba

Mvua usiku kucha. Shamba ni laini kama mkate. Alfajiri Mbuke alichukua jembe la mkono akaenda peke yake kuanza ekari zote zile. Nilimtazama mpaka akafika mwisho wa njia. Roho iliniuma, kwa kweli iliniuma. Msaidizi amesimama zizini, anatazama nafasi iliyo pembeni yake.

Nami nikaitazama ile nafasi.

Kwa nini niwe mtu wa kulia wakati jibu limeegeshwa uani? Nimepima. Nira inafika vizuri kwenye boneti ya trekta. Kushoto Msaidizi, kulia trekta, plau nyuma, gia ya kwanza. Herman amekataa kuja. Kasema kwa simu kwamba hana muda, na kwamba nisiunganishe chochote na ng'ombe, kisha mtandao ukakata. Nimemchomolea Mbuke tena ile betri ya sola, nitamwambia ni mawingu. Kesho asubuhi atakuta shamba limelimwa lote, na hapo ndipo tutazungumza habari za kusameheana.

Mazoezi ninaanza jioni hii. Wa kufundishwa ni Msaidizi tu. Trekta haina shida, inajua kwenda yenyewe.