Vidole vya Bosi

Jumatatu, 3 Juni

Balaa! Mwalimu wa chekechea kampima mjukuu wangu, akasema vidole vyake vimelala. Huyu mjukuu tunamwita Bosi, maana hajafika miaka mitatu na nyumba nzima inamtii. Eti hashiki kitu kwa dole gumba na kidole cha shahada. Anazoa kwa kiganja kizima kama anayebeba mchanga. Binti yangu akanigeukia mimi, kwa kuwa mchana mimi ndiye ninayeshinda na mtoto. Akauliza huwa tunacheza nini. Nikasema tunacheza. Akauliza, nini? Nikakohoa.

Ukweli nauandika hapa tu: tunasikiliza redio, kisha tunalala.

Mwalimu katoa dawa. Michezo ya ndani! Kukanda unga. Kubana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa bakuli. Kutunga vifungo vikubwa kwenye uzi. Kuokota maharage na kuyatia kikombeni, mtu mzima akiwa macho, mtoto asije akayameza. Ijumaa atapita nyumbani kuangalia. Binti yangu akaongeza, kwa ile sauti yake ya chini ninayoiogopa, kwamba mtoto asipobadilika atahamia kushinda kwa Mama Sindano.

Mama Sindano! Mkwe mwenzangu, bibi wa upande wa pili, fundi cherehani. Mwanamke anayekukagua pindo la suruali kabla ya kukusalimu. Akimchukua Bosi, mimi nitabaki naongea na ukuta. Haiwezekani!

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza na unga. Niliukanda mwenyewe, nikampa donge, nikajiegemeza kidogo tu kwenye kiti. Kuamka, redio imenyamaza. Bosi kaziba matundu yote ya spika kwa unga, tundu baada ya tundu, kwa ncha ya kidole. Binti yangu aliporudi kazini akauliza redio ina nini. Nikasema imepata mafua.

Hakucheka. Akafungua kabati, akauliza mbona sukari imepungua tena. Mimi daktari kanikataza sukari, hata ya kulamba. Ndiyo maana binti yangu kaiweka kwenye kopo, kwenye kabati la chini kabisa lenye komeo, maana anajua magoti yangu hayakunjiki. Nikasema ni sisimizi. Nikawalaani sana, wadudu wasio na haya! Maskini binti yangu kaahidi kununua dawa ya kuwaua.

Jumatano, 5 Juni

Leo vibanio. Bosi alikibana kimoja kwenye sikio langu, akafurahi, akaona kazi imekwisha. Nikambembeleza. Nikamwimbia. Akavitupa chini ya kitanda na kuniamuru nivifuate.

Nikavivuta kwa ufagio, nikavibana mwenyewe kuzunguka bakuli zima, vikapendeza kama jua. Binti yangu alipoingia nikasema, tazama mwanao! Akaangusha mkoba, akamkumbatia mtoto, macho yakamlenga machozi. Kisha akaniambia asante, Baba, nilikudhania vibaya.

Nilijisikia mdogo kuliko kibanio.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudia. Nifanyeje? Vifungo Bosi kavikalia kama kuku anayeatamia. Nikatunga mimi, uzi mzima, rangi kwa rangi, na fundo safi mwishoni. Binti yangu kwa furaha kampigia simu Mama Sindano, kamwambia kesho aje kujionea. Nikamwambia haina haja ya kumsumbua mtu mzima. Akasema ana haja sana.

Ijumaa, 7 Juni

Nataka kuhama. Sijui wapi.

Walikuja wote, wakakaa. Mama Sindano akauchukua ule uzi, akaugeuza, akalitazama fundo. Nilisahau kwamba ujana wangu wote nilishona magunia ghalani, na mkono wangu haujui fundo jingine. Akaniuliza kwa upole, Mkwe, huyu mtoto kaajiriwa ghalani lini? Mwalimu akafunika mdomo. Binti yangu akalitazama lile bakuli la vibanio, kisha akanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Mwalimu akaweka maharage na kikombe. Bosi akayazoa kwa kiganja, akayamwaga. Nikainamisha kichwa. Basi, nimempoteza.

Bosi kuniona nimenuna, akadhani saa yetu imefika. Akaenda kwenye kabati la chini. Akainua komeo kwa kidole kimoja. Akazungusha kifuniko cha kopo, kikafunguka. Akachota sukari kwa dole gumba na shahada, hata chembe haikudondoka, akaja nayo mpaka kwangu. “Babu, aaa.”

Na mimi, mzee mzima, mbele ya watu wote, nikafungua mdomo. Mazoea!

Akarudi, akafunga kopo, akashusha komeo, akaweka kidole midomoni: shhh.

Mwalimu akapiga makofi. Akasema mshiko ule hanao mtoto mwingine darasani, kumbe Bosi alikuwa hataki tu, sasa apewe kazi ngumu zaidi. Kisha akaona anapiga makofi peke yake. Binti yangu alikuwa ameshika ile dawa ya sisimizi aliyokwisha kuinunua. Akasema polepole, Baba, mimi sitaki kukuzika. Akaingia chumbani.

Nimeona aibu nyingi maishani. Hii imekaa mahali pake.

Mama Sindano ndiye aliyekata shauri. Bosi abaki hapa hapa, hana tatizo. Yeye ndiye atakayekuja kila siku, maana anayehitaji mlezi ni mwingine.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwomba binti yangu msamaha. Nimeapa, mkono kifuani. Kanisamehe, kanimiminia chai isiyo na sukari, nimeinywa yote bila kukunja uso. Mimi ni mtu mpya!

Mama Sindano kaja na cherehani yake. Sukari imehamia kwenye debe la bati, kifuniko chake hakizunguki, mpaka kibanduliwe kwa mpini wa kijiko. Kaliweka katikati ya miguu yake. Baada ya kula, akaanza kukoroma.

Nimekaa, nimefikiri sana juu ya maendeleo ya mtoto. Mwalimu kasema mwenyewe, apewe kazi ngumu zaidi. Mimi ni nani nibishane na mtu aliyesoma?

Nikampa Bosi kijiko, nikaweka kidole midomoni. Naye akaweka chake.