Penseli ni ya Waoga

Jumatatu, 3 Machi
Meneja katangaza: atakayetambua asidi zilizomo kwenye juisi waliyoirudisha wateja ndiye mkuu mpya wa maabara ya kiwanda. Mwisho Ijumaa. Tuko wawili: mimi, niliyesoma vitabu mia nne, na Mama Penseli, ambaye hata nywele kazichomeka penseli. Kazi ya kitoto! Unachora mstari chini ya karatasi, unaweka matone ya juisi juu yake, unaisimamisha kwenye mtungi wenye dawa. Dawa hupanda kama mafuta ya taa kwenye utambi, ikibeba kila asidi hadi kituo chake. Ukinyunyizia rangi, asidi huonekana madoa ya manjano.
Mama Penseli kanisihi, kaka yangu, mstari uchore kwa penseli. Nimemjibu penseli ni ya waoga, watu wanaopenda kufuta walichosema. Mimi ni mtu wa wino!

Jumanne, 4 Machi
Mbinu. Wakati wa chakula nimezoa penseli zote za maabara, kumi na moja, na ile ya nyweleni, nikazitumbukiza kwenye buti nilizovaa. Tuone!
Saa nane Mama Penseli kaazima penseli ya seremala anayetengeneza mlango. Seremala kasema dada mwenye adabu angempa hata msumeno. Msaliti. Nimechechemea kutwa.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Mama Penseli kaambulia madoa mawili: asidi ya limau na ya tufaha. Basi. Mimi nina hayo, tena nina la buluu, la zambarau na la waridi. Hakuna kitabu kinachoyataja. Nimegundua asidi tatu! Nimeandika kurasa tisa kuwashutumu wanasayansi waliolala.
Mke wangu kauliza mbona hiyo ya buluu inafanana na doa la mfuko wa shati langu. Nimemwambia wivu hauna nafasi kwenye ndoa.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Mbele ya meneja, Mama Penseli kaazima kalamu yangu, kachora mstari kwenye karatasi tupu, bila tone hata moja, kaisimamisha mtungini. Tukangoja. Zikapanda: buluu, zambarau, waridi. Wino wangu!
Seremala kacheka hadi kadondosha bawaba. Cheo kachukua Mama Penseli. Kasema bado mimi ni kaka yake, ila nivue buti, zinagongagonga.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelitafakari kosa langu kiungwana. Nimelipata: wino wa buluu. Nimenunua mweusi. Mweusi ni mweusi, hauna cha kuficha! Ndio ninaouandikia ukurasa huu.
Ala, chai imeumwagikia. Lahaula! Kando ya maneno kunatambaa rangi ya kijani, na ya chungwa, na...
Chai ina asidi tatu zisizojulikana! Nampigia meneja sasa hivi.